Moto Ambao Haukuzinduliwa

Iko nchi ambayo haipakani na nchi ya msomaji yeyote, kwa hiyo asijisumbue kutafuta jirani zake humu. Katika nchi hiyo jambo halihesabiwi kuwa limeanza mpaka lizinduliwe, na haliwezi kuzinduliwa mpaka apatikane mgeni rasmi. Kisima kikichimbwa, maji yake si ya kunywa mpaka utepe ukatwe. Daraja likijengwa, watu huendelea kupita chini yake, mtoni, suruali zimekunjwa, mpaka siku ya sherehe. Choo cha shule ya msingi ya Tandawima kilimsubiri mkuu wa mkoa muda mrefu, na wanafunzi wa miaka hiyo wakajifunza uvumilivu ambao umewafaa wengi wao ukubwani.

Sheria ya Uzinduzi inasema wazi kwamba inahusu kila kazi ya umma. Kuzima moto ni kazi ya umma. Hoja haikuhitaji kupanuliwa zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo, moto ukitokea katika manispaa ya Tandawima, utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Mwenye nyumba hupiga simu kituoni. Kituo humwuliza kama nyumba ni ya bati au ya makuti, ili kijue hadhi ya mgeni wa kumwalika. Bati lilistahili mkuu wa wilaya. Kwa makuti alitosha diwani. Mgeni akishapatikana, akaoga, akavaa, gari la zimamoto humpitia nyumbani kwake, kisha wote huelekea kwenye tukio. Pale hufungwa utepe mwekundu, hutolewa neno la shukrani, na mgeni rasmi hutamka: "Natamka rasmi kwamba moto huu sasa uzimwe." Ndipo maji hufunguliwa.

Watu wa Tandawima waliiheshimu sana sheria hii, na kwa kuiheshimu hawakumpigia mtu simu mpaka wawe wameshauzima moto wenyewe. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji upande mmoja na debe la mchanga upande wa pili. Moshi ukionekana mahali, mtaa mzima ulimiminika, mama na wana, fundi cherehani na kipimo chake shingoni, shehe na mchungaji, na kabla mtu hajauliza kuna nini, hakukuwa na kitu. Baadaye mmoja wao hupiga simu kituoni, kwa adabu tu, kama vile mtu anavyotoa taarifa ya msiba uliokwisha kuzikwa.

Koplo Sikitu Ngwada, dereva wa gari la zimamoto, alikuwa amefika kwenye mioto yote ya mji huo tangu ajiunge na idara akiwa msichana mwembamba ambaye kofia ya chuma ilimzunguka kichwani. Sasa kofia ilimkaa sawasawa, na bado hakuwahi kuona mwali hata mmoja akiwa kazini. Aliona majivu. Aliona mabati yaliyokunjamana na godoro lililoloana. Aliona madiwani wakikata utepe mbele ya vitu hivyo na kupigiwa makofi. Moto pekee aliowahi kuuzima kwa mkono wake ulikuwa wa jikoni kwake, siku mafuta yaliposhika, na huo, kwa kuwa hakualika mtu, hakuthubutu kuutaja.

"Hakuna moto uliowahi kutushinda," Kamanda Erasto Mpendu alisoma kila mwisho wa mwaka, kifua mbele, kwenye taarifa ya idara. "Kila moto tuliouendea tuliukuta umesalimu amri."

Hakuna aliyeweza kumpinga. Ilikuwa kweli tupu.

* * *

Historia ya magari ya idara hiyo imechorwa ukutani mwa kituo kwa rangi ya mafuta.

Mwanzoni uko mkokoteni wenye pipa na kengele, urithi wa wakoloni. Wakoloni walipoondoka waliondoka na pipa. Kengele ilibaki, na mkokoteni, na kwa miaka mingi idara ilifika kwenye mioto ikipiga kengele vizuri.

Likafuata lori la msaada kutoka nchi rafiki ya kaskazini, lenye bamba kubwa la chuma mbele kwa ajili ya kusukumia theluji. Theluji ilikuwa haijazinduliwa nchini. Lakini bamba halikukaa bure. Siku za ziara za viongozi lilisukuma machinga pamoja na meza zao hadi pembeni, na wataalamu wa nchi rafiki walipopelekewa picha walifurahi kuona msaada wao unafanya kazi.

La tatu lilikuwa gari la ngazi. Ngazi hiyo ilikuwa ndefu kupita jengo lolote la Tandawima, ambako jengo refu kuliko yote ni benki ya ghorofa moja. Ilitumika kutundika picha ya Mtukufu Mlezi wa Taifa juu ya lango la soko, kama ilivyotumika kabla yake kuishusha picha ya Mlezi aliyetangulia.

Na la nne, fahari ya mji, ndilo aliloliendesha Sikitu. Lilikuwa jekundu, lenye tangi la maji na pampu yenye nguvu ya kung'oa plasta ukutani, na liliitwa Mtukufu Mama, kwa heshima ya mama mzazi wa Mlezi. King'ora lililokuja nacho kiliondolewa siku ya kwanza, kwa sababu mlio wake ulisikika kama malalamiko. Mahali pake pakawekwa spika kubwa iliyopiga wimbo wa taifa.

Sheria ya nchi hiyo inataka kila mtu asikiapo wimbo wa taifa asimame wima, mikono ubavuni, macho mbele kwenye bendera au mahali ambapo bendera ingekuwapo, asitikisike mpaka ubeti wa mwisho. Kwa hiyo spika ilifanya kazi iliyokusudiwa: magari yote yalisimama kulipisha Mtukufu Mama. Mtukufu Mama nalo lilisimama, kwa kuwa dereva wake naye alikuwa raia. Sikitu alizima gari, akashuka, akasimama kando ya mlango, akauvumilia wimbo beti zote, pamoja na ule ulioongezwa juzi juzi kuhusu maziwa ya mama wa Mlezi. Kisha alipanda, akaondoa gari, na kwenye makutano yanayofuata Kamanda Mpendu, aliyeketi pembeni yake, alinyoosha kidole.

"Piga wimbo, Koplo. Kuna baiskeli mbele."

"Baiskeli imeshapita, afande."

"Piga. Itajifunza."

* * *

Waraka ulitoka Wizara ya Maafa na Sherehe. Hiyo ni wizara moja, kwa sababu zilipokuwa mbili zilikuwa zikigombania mahema yale yale.

Kamanda aliusoma mbele ya askari wote kwa sauti iliyoanza juu na kuishia chini. Ulisema kwamba katika mji mkuu kuna sanamu ya Mtukufu Mlezi, ndefu kuliko minara, na kwamba kunguru wa mji mkuu wameonyesha kutokuwa na itikadi. Sanamu ilihitaji kuoshwa, na pampu ya kufikia kichwa chake ilikuwa moja tu nchini. Hata hivyo, kwa kuwa serikali haimnyang'anyi mtu kitu anachokitumia, Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe Tandawima siku ya jubilei ya idara. Akiliona Mtukufu Mama likizima moto kwa macho yake, lingebaki. Asipoliona, lingeondoka naye siku hiyo hiyo kwa shughuli za usafi wa kitaifa, na dereva wake angepangiwa chombo kingine kulingana na uwezo wa idara.

"Chombo gani kingine, afande?" Sikitu aliuliza.

Kamanda alitazama ukutani, mahali palipochorwa mkokoteni. Askari wengine nao wakatazama hapo hapo.

"Kengele yake bado nzuri," alisema mmoja, na wenzake wakacheka mpaka walipoona uso wa Sikitu.

Kamanda alimwita ofisini. "Koplo, tunahitaji moto."

"Moto wa aina gani, afande?"

"Moto mtiifu. Unaowaka ukiambiwa, na kusubiri."

Kwenye uwanja wa mpira ukajengwa mfano wa nyumba, wa mbao na makuti, ukapakwa chokaa na kuandikwa mlangoni NYUMBA YA JUBILEI. Siku ya mazoezi Kamanda aliiwasha kwa mkono wake, akatazama moshi ukipanda, akasema ni moto wa heshima. Mhasibu wa manispaa, aliyekaimu nafasi ya mgeni rasmi, akafungua karatasi ya hotuba. Alikuwa bado kwenye salamu pale mtaa wa kwanza ulipoingia uwanjani na ndoo zake. Wa pili ulikuja na mchanga. Mhasibu alipoinua macho hakukuwa na nyumba ya kuzungumzia, na bibi mmoja alikuwa akimkung'uta Kamanda masizi begani, akimwambia, "Pole, baba. Bahati yako tuliona mapema."

Nyumba ikajengwa upya, na safari hii ikawekewa walinzi. Watu walikuja vilevile. Walinzi waliwazuia kwa muda, kisha, kwa kuwa nao walizaliwa Tandawima na hawakuwahi katika maisha yao kusimama wakiutazama moto, wakaweka virungu chini na kupokea ndoo.

Kesho yake lori la theluji lilizunguka mitaani na kipaza sauti. Lilitangaza Katazo la Kuzima Ovyo. Raia yeyote atakayeonekana anazima moto, wa ukubwa wowote, bila kibali cha idara, atashitakiwa kwa kuhujumu jubilei. Ndoo zikaamriwa kuwekwa ndani. Mchanga ukamwagwa barabarani, na kwa mara ya kwanza mashimo ya barabara ya Tandawima yakafukiwa.

* * *

Mkabala na kituo cha zimamoto aliketi Bi Kijakazi, muuza vitumbua, mwanamke mpana mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya soko. Sikitu alikunywa chai yake hapo kila asubuhi tangu kofia ilipokuwa ikimzunguka kichwani.

"Haya, afande wa serikali," Bi Kijakazi alisema, akigeuza vitumbua kwa kijiti. "Nisaidie kuelewa. Jiko langu hili likishika, nifanyeje? Nilipungie mkono?"

"Unapiga simu kituoni, bibi."

"Kituoni! Mje mkute mifupa yangu muikatie utepe?"

"Mifupa ya chini ya makuti ni ya diwani. Mkuu wa wilaya usimtegemee."

"Mtoto huna haya wewe!" Bi Kijakazi alicheka hadi benchi likatikisika. Kisha akampa kitumbua cha bure, jambo lililomaanisha kwamba anataka kuuliza la maana. "Na gari wakilichukua?"

"Nitasukuma mkokoteni."

"Wenzio wanasema unalia."

"Silii. Sina cha kulilia." Sikitu alipuliza chai. "Mama mkwe wangu ni mkunga. Akiulizwa kazi yake, anaonyesha watu wanaotembea. Mimi nikiulizwa, naonyesha nini? Nilishika mpira wa maji mafunzoni, tukamwagia ukuta. Nautaka moto mmoja tu, bibi. Niukute unawaka, niuzime. Basi. Baada ya hapo wanipe hata hilo toroli."

"Ajabu ya Firauni," alisema Bi Kijakazi polepole. "Mji mzima tunakimbia usifike kwenye moto ukiwaka, tukidhani tunakupunguzia kazi."

Akaendelea kugeuza vitumbua, lakini siku hiyo viwili vilimwungulia, na hilo halikuwa la kawaida.

* * *

Siku ya jubilei Nyumba ya Jubilei iliwashwa asubuhi, saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Mheshimiwa Waziri, Dakta Simforiani Ndauka, hakufika saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na uchelewaji wake pia. Kadiri mgeni anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyosubiriwa, na yeye alikuwa mkubwa kweli.

Watu wa Tandawima walisimama kuzunguka uwanja wakiitazama nyumba inavyoteketea. Walikuwa wamefumbata mikono mgongoni, wengine wamejikalia juu ya viganja vyao. Fundi cherehani aligeuka akatazama upande mwingine. Mtukufu Mama lilikuwa tayari kando ya hema kuu, mpira umetandazwa, pampu inanguruma, Sikitu ameshika usukani na meno yameuma mdomo. Kamanda alitazama saa yake, akatazama moto, akajaribu kuuambia kitu kwa kunong'ona. Moto haukuwa mtiifu. Mbao ya mwisho ilipoanguka, msafara wa Waziri ukaonekana barabarani.

Alipokelewa kwa ngoma, kwa shada, na kwa fataki za heshima zilizoagizwa na Ofisa Itifaki wa Wizara, Bwana Shomvi, mtu mrefu aliyevaa suti na kubeba mkasi wa utepe kwenye mto wa hariri. Fataki zilipanda, zikapasuka rangi za bendera, na watu wakashangilia. Kisha Waziri akapelekwa kwenye majivu.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

"Ulikuwa hapa, Mheshimiwa," alisema Kamanda.

"Mmeuzima?"

Kamanda alifikiri kusema ndiyo, lakini Bwana Shomvi aliwahi. "Haukuwa umezinduliwa, Mheshimiwa. Umejifia."

Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu ambaye mambo yake yamekwenda sawasawa. "Basi gari litaondoka nasi baada ya hotuba," alisema, akaelekea jukwaani chini ya hema kuu. Sikitu alizisikia habari hizo kutoka kwa askari mwenzake aliyepita akitazama chini. Alipapasa usukani kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Waziri alifungua hotuba. Alimsalimu Mtukufu Mlezi, ambaye hakuwapo. Alimsalimu mama wa Mtukufu Mlezi, ambaye alikuwapo kwa jina, ubavuni mwa gari. Alikuwa akimsalimu mkuu wa mkoa pale Bi Kijakazi, aliyekuwa nje akikaanga vitumbua vya wageni, alipoinua uso na kuona kwamba fataki moja ya heshima haikuwa imemaliza heshima zake. Ilikuwa imetua juu ya turubai la hema. Kishimo cheusi kilikuwa kikipanuka pale, na pembeni mwake ilicheza miali myembamba.

"Moto!" alipaza sauti, na ile sauti yake. "Hema linaungua!"

Umati wote ulipiga hatua moja mbele kwa pamoja, kama jeshi. Kisha wakakumbuka katazo, wakarudi nyuma hatua moja.

Chini ya hema, wageni waalikwa waliinua macho. Hakuna aliyenyanyuka, kwa kuwa mtu hanyanyuki kabla ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi naye hashuki jukwaani hotuba ikiwa mkononi. Cheche iliangukia mkono wa kiti cha mkuu wa wilaya, naye akaihamisha taratibu kwa kalamu.

"Shomvi," alinong'ona Waziri, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, "natamka lini?"

"Ukurasa wa mwisho, Mheshimiwa."

"Niruke?"

"Ukurasa wa pili una jina la Mtukufu Mlezi. Haurukwi."

"Wa tatu?"

"Nao una jina la Mtukufu Mlezi."

"Nani aliandika hotuba hii?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Bwana Shomvi, jasho likimtiririka, "kwa kuzingatia itifaki."

Waziri akaanza kusoma mbio, kama mwanafunzi anayekariri asiyejua maana, huku kipande cha turubai kikidondoka kinawaka mbele ya meza kuu. Kamanda Mpendu alisimama kando ya nguzo. Aliutazama mpira wa maji miguuni pake, akautazama utepe ambao haujakatwa, akabaki hapo.

Bi Kijakazi alikuwa ameshafika kwenye dirisha la gari, anahema. "We Sikitu! Ule pale! Si ulikuwa ukiutaka? Unangoja nini?"

"Haujazinduliwa, bibi. Nikishuka kuushika mpira, walinzi wa Waziri watanikamata kabla sijafika kwenye hema."

"Basi wazuie!"

"Nitawazuiaje watu wote wale?"

Alilisema hilo, na mkono wake ukawa umeshajua jibu kabla yake. Ulikuwa juu ya kitufe cha spika.

Wimbo wa taifa ulipasuka juu ya uwanja.

Wote walisimama. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, madiwani, walinzi, wapiga ngoma, machinga waliosukumwa pembeni, Bwana Shomvi na mkasi wake, Waziri na ukurasa wake wa pili: wote walinyooka, mikono ubavuni, macho mbele. Hema liliwaka juu ya vichwa vyao nao wakalichukulia kama hali ya hewa. Bi Kijakazi alisimama wima kando ya gari, kijiti cha vitumbua begani kama bunduki.

Katika nchi nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitembea. Sikitu alishuka, akauokota mpira miguuni pa Kamanda, akafungua maji.

Pampu ya kung'oa plasta haina salamu. Mkondo wa kwanza ulipasua turubai na kuuangusha mwali mkubwa upande wa pili. Wa pili ulifagia jukwaa. Joto lilimpiga usoni, joto la kweli, la kukausha macho, na moshi ukamwingia kifuani, na Sikitu akagundua kwamba anacheka. Aliufuata moto nguzo kwa nguzo, ukijificha huku anauibua kule, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waziri alipokea maji ya kifua bila kupepesa. Ubeti wa maziwa ya mama wa Mlezi ulipofika mwisho hakukuwa na cheche. Sikitu alifunga maji, akaurudisha mpira miguuni pa Kamanda, akasimama kando ya mlango wa gari, mikono ubavuni.

Wimbo ukaisha. Maji yalidondoka kutoka kwenye hema.

Waziri aliitazama hotuba yake, iliyokuwa sasa kama uji. Alipata jambo moja tu ndani yake lililosomeka, nalo lilikuwa la mwisho.

"Natamka rasmi," alisema, "kwamba moto huu sasa uzimwe."

Makofi yalikuwa makubwa sana.

* * *

Tume iliundwa, chini ya uenyekiti wa Bwana Shomvi, kubaini ni nani aliyezima moto ambao haukuzinduliwa. Shahidi wa kwanza alikuwa Kamanda.

"Nilikuwa wima, Mwenyekiti, natazama bendera."

"Hukuona maji?"

"Nilihisi unyevu usoni. Nikadhani ni machozi ya uzalendo."

Mkuu wa wilaya alitazama bendera. Walinzi walitazama bendera. Wapiga ngoma walisema kwamba pale walipokuwa bendera haikuonekana, hivyo walitazama mahali ambapo ingekuwapo. Mwisho akaitwa Sikitu.

"Wapo wanaosema," alianza Bwana Shomvi, "kwamba kuna mtu alishika mpira."

"Watu gani hao, Mwenyekiti?" aliuliza Sikitu kwa upole. "Nauliza tu, maana watakuwa waligeuza shingo wimbo wa taifa ukipigwa."

Bwana Shomvi alimtazama kitambo kirefu. Yeye mwenyewe alikuwa amejaliwa pembe ya jicho kali sana, na siku ile ilikuwa imeona kila kitu. Alifunika kalamu yake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kando ya gari, mikono ubavuni."

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema, akakohoa.

Ushahidi ukapimwa bila upendeleo. Moto ulikuwapo kabla ya wimbo, na baada ya wimbo haukuwapo. Tume ikahitimisha, kwa kauli moja, kwamba moto ulizimwa na wimbo wa taifa. Uvumbuzi huo ulitangazwa redioni, na Dakta Ndauka akaongezewa udaktari wa pili. Kwa kuwa sasa ilijulikana kitendea kazi ni kipi, Wizara haikuwa tena na haja ya pampu. Walikuja wakaifungua spika kwenye paa la Mtukufu Mama, wakaifunga kwa blanketi, wakaondoka nayo mji mkuu, ambako imewekwa miguuni pa sanamu kuwafukuza kunguru. Habari za karibuni zinasema kunguru bado hawasimami.

Gari likabaki Tandawima, kimya. Katazo la Kuzima Ovyo nalo lilibaki, maana kuliondoa kulihitaji sherehe, na hakupatikana mgeni rasmi aliyekuwa tayari kukaa tena chini ya hema mjini humo.

Haukupita muda mrefu jiko la Bi Kijakazi likashika kweli. Mafuta yalimwagika, mwali ukadaka makuti ya kibanda. Mtaa mzima ulikuja na ndoo, kama kawaida, lakini safari hii walifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. Walikizunguka kibanda, wakalowanisha kulia, wakalowanisha kushoto, wakamwaga mchanga kuzuia njia za moto, na katikati wakauacha unawaka. Ndipo wakapiga simu.

Mtukufu Mama lilivuka barabara bila kusimama.

"Mbona umechelewa!" alifoka Bi Kijakazi. "Tumekushikia mpaka mikono inauma!"

Kamanda Mpendu alishuka akiwa na utepe. "Mgeni rasmi yuko wapi?" aliuliza kwa mazoea, akitazama huku na huko.

Bi Kijakazi aliunyakua utepe, akaukata kwa meno. "Ni mimi hapa. Itifaki imezingatiwa. Koplo, zima, vitumbua vyangu vinaungua!"

Sikitu aliutazama moto kidogo kwanza. Kisha akafungua maji, na watu wakamsogelea karibu, wakimwelekeza kwa vidole, "Huku, afande! Kule juu! Umeuacha mmoja!" mpaka ulipozimika kabisa.

Mwisho wa mwaka Kamanda alisoma taarifa yake, kifua mbele. "Hakuna moto uliowahi kutushinda," alisema, na kwa kuwa alikuwa akiisoma sentensi hiyo miaka yote, hakugundua kwamba mwaka huo ilikuwa na maana. Kwenye mstari wa nyuma Koplo Sikitu Ngwada, sare yake ikinuka moshi na mafuta ya vitumbua, alipiga makofi pamoja na wengine.